"Umetuzeesha!" Maoni yetu juu ya namna ya kupigana katika mchezo wa Sifu



Katika mkutano wa walimu wa mwezi uliopita lilitajwa jambo la wanafunzi wanaokwenda kwenye nyumba ya michezo ya video, ile iko nyuma ya soko hapa Baraka. Walimu wengine walisema tukatazwe kabisa kuingia mle, kwa sababu michezo ile inafundisha kupigana, na watoto wa Fizi hawana haja ya kufundishwa kupigana, wameona ya kutosha. Wengine walisema wanafunzi waulizwe kwanza wanafanya nini mle ndani. Basi Direktere wa nidhamu akatuita, akatuambia: "Andikeni. Lakini muandike kweli, musipambe."

Kwa hiyo tunaandika. Hatutasema juu ya michezo yote. Wa mpira mnaujua, na wa magari hauna maneno. Tutasema juu ya mmoja tu, unaoitwa Sifu, na hasa juu ya namna ya kupigana iliyomo, kwa maana hiyo ndiyo iliyotugombanisha wiki sita, mpaka tukabishana hata kwenye foleni ya maji.

Nyumba yenyewe ni ya mbao na mabati. Mna televizio moja, PlayStation moja, betri mbili na pano ya jua juu ya bati. Mwenye nyumba tunamwita Yaya, naye ameandika kwa chaki mlangoni: mwanafunzi mwenye yuniforme haingii, na saa za masomo haingii hata bila yuniforme. Ule mchezo aliuleta pamoja na mashine toka Bujumbura. Siku tuliposoma jina SIFU kwenye kioo, wengi walicheka wakasema kumbe huu ni mchezo wa kwaya. Haiko vile. Kwa Kichina cha kusini, kinachoitwa Kikantoni, sifu ni mwalimu wa kazi au wa kupigana, yule ambaye sisi tungemwita fundi. Mchezo ulitengenezwa na kampuni ya Sloclap ya Paris, ukatoka mwezi wa pili mwaka 2022. Maandishi yake yanapatikana kwa Kifaransa, ndiyo maana tunaufuata bila shida. Mapigo yake yametoka katika kung-fu ya Pak Mei, maana yake Nyusi Nyeupe, na aliyewasaidia watengenezaji kuyapanga ni Benjamin Culos, mwalimu wa Pak Mei huko Ufaransa.

Kisa ni hiki. Mtoto anamwona baba yake, mwalimu wa kung-fu, akiuawa usiku na watu watano. Kiongozi wao, Yang, alikuwa zamani mwanafunzi wa baba huyo huyo. Mtoto naye anauawa, lakini ana hirizi ya sarafu za zamani inayomwamsha. Anajifunza kupigana miaka minane. Anapokuwa na miaka 20 anatoka kuwatafuta wale watano, mmoja mmoja. Unaweza kuchagua awe mvulana au msichana. Mwenzetu mmoja wa kwaya alikataa kugusa manete kwa sababu ya ile hirizi. Hatukumlazimisha, anakaa nyuma anahesabu.

Sasa tuingie katika kupigana kwenyewe.

Katika michezo mingine tuliyoizoea, mtu anabonyeza tu. Mtoto wa miaka saba anaweza kumshinda mwanafunzi wa mwaka wa nne kwa kubonyeza vyote pamoja, na watu wanacheka. Katika Sifu ukifanya hivyo, unalala chini kabla hujajua nani amekupiga. Kuna mistari miwili ya kuangalia kwenye kioo. Mmoja ni wa uhai. Wa pili tunauita wa msimamo. Kila pigo unalolipokea kwenye mikono linaujaza ule wa msimamo, na ukijaa, mikono inafunguka yenyewe, adui anakupiga anavyotaka. Adui naye ana mistari yake. Unaweza kummaliza kwa kumpunguzia uhai kidogo kidogo, au kwa kumvunja msimamo, hata kama uhai wake bado ni mwingi.

Njia za kujilinda ambazo tumezitumia sana ni tatu. Ya kwanza ni kujikinga: unashika kibonyezo, unapokea mapigo, hayakuumizi, lakini msimamo wako unachakaa. Ya pili ni kupangua: unabonyeza wakati ule ule pigo linapofika, si kabla, si nyuma yake. Ukipata, msimamo unaochakaa ni wa yule aliyekupiga. Ya tatu ni kukwepa pale pale uliposimama: pigo la juu unainama, pigo la miguu unaruka, adui anapiga hewa. Kwa hiyo hapana namna, lazima umtazame mtu bega na kiuno na mguu ujue analeta nini. Anayetazama mikono yake mwenyewe ameshindwa tayari.

Mwenzetu mmoja ambaye baba yake ni mvuvi wa Ubwari ndiye aliyetuelezea vizuri zaidi. Alisema: "Ni sawa na mawimbi ya pale kwetu. Ukiyapokea ubavuni, mtumbwi unapinduka. Ukiyapokea kwa pua, unapita." Tangu siku hiyo, mtu akianza kupigwa tunamwambia: "Pua! Geuza pua!"

Hayo ni mazuri, lakini bado si ndiyo yaliyotufanya tuandike. Kilichotushika ni hesabu ya umri. Ukianguka mara ya kwanza, hirizi inakuamsha, lakini unaamka na mwaka mmoja zaidi. Mara ya pili unaongezewa miaka miwili. Mara ya tatu, mitatu. Inakwenda hivi: 20, 21, 23, 26, 30, 35, 41, 48, 56, 65. Nywele zinaingia mvi, ndevu zinashuka. Mapigo yako yanakuwa mazito zaidi, lakini uhai unapungua, na ukipita miaka 70 hakuna kuamka tena. Mwalimu wetu wa hesabu, tulipomwandikia namba hizo ubaoni, alisema papo hapo: "Hiyo ni jumla ya namba zinazofuatana. Chukua n, zidisha kwa n na moja, gawanya kwa mbili." Kweli, mara tisa ni 45, na 45 juu ya 20 ni 65. Kuna maadui wa nguvu ambao ukiwashinda hesabu ya vifo inashuka, basi mtu mwenye subira anaweza kujiponya kidogo.

Kuna sheria nyingine ambayo ni kali zaidi. Umri uliomaliza nao hatua ya kwanza ndio unaoanza nao ya pili. Ukimshinda Fajar, mtu wa kwanza, ukiwa na miaka 45, unaingia kwa wa pili ukiwa na miaka 45. Huwezi kusema yale yamepita. Ukitaka kuwa kijana, urudi kule nyuma uifanye ile hatua vizuri kuliko ulivyoifanya.

Mchezo huu ni wa mtu mmoja, na sisi tulikuwa kumi. Yaya anataka faranga 1.000 kwa nusu saa. Tukapatana hivi: kila mtu anatoa faranga 100, na mtu anashika manete mpaka aanguke. Akianguka, anampa anayefuata. Tuliona ni sheria ya haki. Lakini mara moja ikaonekana kwamba kwa sheria hiyo umri umekuwa mali yetu wote. Anayeanguka anaacha manete, na miaka yake anaiacha mikononi mwa mwenzake.

Siku moja tuliingia hatua ya pili, kwa Sean, tukiwa na miaka 26. Tulifurahi sana, hatujawahi kufika pale tukiwa vijana namna ile. Manete ilikuwa kwa mwenzetu wa seksioni ya biolojia-kemia, mwenye mikono ya haraka. Akawaingilia watu watano pamoja, akapigwa fimbo, akaanguka: miaka 30. Aliyefuata akasema, "Lete, nimulipizie!" Akakimbilia yule yule mwenye fimbo bila kuangalia nyuma: 35. Wa tatu alikuwa na hasira na wale wawili wote, akashika manete huku bado anawagombeza: 41. Haikupita dakika tano, na miaka kumi na mitano ilikuwa imekwisha. Ndipo dada mmoja wa seksioni ya pedagojia, aliyekuwa anangoja zamu yake tangu mwanzo, akasimama akasema: "Umetuzeesha! Ninyi watatu mumetuzeesha!"

Chumba kizima kilicheka, mpaka Yaya akaja kuangalia kuna nini. Sasa neno hilo mnalisikia hata hapa shuleni. Mmoja akipiga kelele na darasa lote likapewa adhabu, tunamwambia umetuzeesha. Walimu waliouliza neno hilo limetoka wapi, limetoka pale.

Lakini jioni, tulipokuwa tunarudi kwa njia ya ziwa, mmoja wetu alisema kwamba yeye hakucheka sana. Tulimuuliza kwa nini. Akasema: "Kwetu iko hivyo hivyo." Na sisi tukanyamaza, maana alisema kweli. Hapa Fizi kijana mmoja anaiba ng'ombe, au mmoja anapiga risasi barabarani, hajauliza mtu. Kesho yake wengine wanakuja kulipiza, na kesho kutwa kijiji kizima kiko njiani na magodoro kichwani. Aliyeanza hayuko hata katika msafara. Baadhi yetu tulizaliwa Nyarugusu, upande wa Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996, kwa sababu wazazi wetu walivuka ziwa kwa vita ambayo hawakuianza. Wengine wazazi wao walirudi na meli zilizokuwa zikileta watu toka Kigoma mpaka hapa Baraka, kuanzia mwezi wa kumi mwaka 2005. Mama mmoja alituambia kwamba alikwenda akiwa msichana, akarudi akiwa na watoto wanne. Hakuna hirizi iliyompa kitu kwa miaka ile.

Kwa hiyo maoni yetu ya kwanza ni haya: mchezo huu, katika yote tuliyocheza, ni wa kwanza kutuonyesha kwamba pigo lina bei, na kwamba bei inapanda kila mara unapolipa. Mwaka mmoja, halafu miwili, halafu mitatu. Hasira ya mtu wa kwanza ilitugharimu minne, ya pili mitano, ya tatu sita.

Maoni ya pili ni juu ya kujilinda. Tulipoanza, wavulana wengi walisema kupangua na kukwepa ni uoga, mwanaume anapiga. Dada yule wa pedagojia ndiye aliyewanyamazisha. Yeye hapigi mwanzo kamwe. Anasimama, anapangua mara tatu, mara nne, msimamo wa adui unavunjika, anapiga mara moja tu. Amewahi kumaliza chumba cha watu sita bila kuanguka. Na asiseme mtu kwamba hayo ni mambo ya wavulana. Huko Nairobi yuko Sylvia Gathoni, ambaye katika mchezo wa Tekken anaitwa QueenArrow. Mwaka 2018 aliandikishwa na timu ya nje ya nchi, huku akisoma sheria.

Babu ya mwenzetu mmoja alitukuta tunabishana juu ya uoga huo. Akasema: "Watoto wangu, hayo si mambo ya Wachina tu. Hamujasikia ya Kinshasa?" Akatueleza ngumi za Muhammad Ali na George Foreman, tarehe 30 mwezi wa kumi mwaka 1974, alivyozifuata kwenye redio. Tulitafuta habari zaidi, na tukaona mzee amesema kweli. Foreman alikuwa na miaka 25, ameshinda mara 40 bila kushindwa hata mara moja, na katika hizo 37 alimwangusha mtu. Ali alikuwa na miaka 32. Kila mtu alisema amekwisha zeeka. Ali akaegemea kamba, akafunika uso na mbavu, akamwacha kijana apige na apige. Mapigo mengi yaliishia kwenye mikono. Kufika raundi ya nane Foreman hakuwa na nguvu tena, Ali akatoka kwenye kamba na kumwangusha. Hiyo ndiyo kujikinga, na ilifanyika katika nchi yetu miaka 47 kabla ya Sifu kutoka.

Katika habari hiyo mna kitu kingine, na hapa tunakuja kwenye jambo lililotugawanya kabisa.

Watu wa Kinshasa usiku ule walikuwa wanaimba kwa Lingala, "Ali, boma ye!", maana yake "Ali, muue!" Lakini tazameni filamu ya raundi ya nane. Foreman anapokuwa anaanguka, anazunguka polepole mbele ya Ali. Ali ana mkono wa kuume tayari, umeinuliwa, na uso wa mwenzake uko wazi kabisa. Anamwangalia anavyoanguka. Hapigi tena. Yule Foreman aliyeachwa bila lile pigo la mwisho alikuja kuwa mchungaji wa kanisa. Mwaka 1994, akiwa na miaka 45, akapata tena ubingwa wa dunia, na yeye na Ali wakawa marafiki. Ali alifariki mwaka 2016, na Foreman mwaka 2025.

Katika Sifu iko namna kama hiyo. Ukifika kwa mmoja wa wale watano na ukamvunja msimamo mara ya mwisho, mchezo unakuonyesha alama ya kummaliza. Ukibonyeza, umemuua. Usipobonyeza, ukangoja, anasimama tena na nguvu zake zinarudi, naye anakupiga kama kwamba hukumfanyia kitu. Unatakiwa umvunje msimamo mara nyingine tena. Hapo ndipo inatoka alama mpya ya kumwacha hai. Maana yake, kumwacha mtu ni kazi zaidi kuliko kumuua. Asiye na uwezo hawezi kumwacha mtu, atakufa akijaribu. Na ukiwaacha wote watano, mwisho wa kisa unakuwa mwingine.

Tulipogundua hiyo, chumba kilipasuka. Nusu walisema huo ni ujinga, faranga zinaisha na miaka inaongezeka, maliza twende. Nusu walisema tujaribu. Wa kwanza kuachwa angekuwa Fajar, na Fajar anapigana kwa panga. Tulipiga kura, sita kwa wanne, tujaribu. Ilituchukua siku tatu na ilitutoa toka miaka 23 mpaka 48. Kila mara alipovunjika, watoto wadogo wanaosimama mlangoni walikuwa wanapiga kelele, "Maliza! Maliza!" sawa na wale wa Kinshasa. Aliyekuwa na manete mikono ilikuwa inatetemeka, tuliiona, na ni mchezo tu.

Lakini mwenzetu mmoja tangu mwanzo alisema hatashika manete siku za Fajar. Hatutasema jina lake wala kijiji chake. Baba yake aliuawa kwa panga, na mpaka leo hawajui alizikwa wapi. Hakutuzuia kucheza. Alikaa nasi siku zote tatu, alitoa faranga 100 zake kama wengine. Tulipofaulu, Fajar akaachwa, watu wakapiga makofi. Yeye akauliza: "Basi ni hivyo? Mutu anaachwa, anakaa tu? Hasemi kitu? Haonyeshi wapi alimuzika mutu?"

Hakuna aliyemjibu. Tumefikiri sana juu ya swali hilo, na tunaliweka hapa kama maoni yetu ya tatu, maana yeye ametukubalia. Mchezo huu umejua bei ya kupiga. Umejua pia kwamba kumwacha adui ni kazi ya mwenye nguvu. Hapo unasimama. Hakuna mzee anayekuja. Hakuna lubunga, hakuna watu wanaoketi pande mbili na mmoja kusema, "Mimi ndiye niliyefanya, na mahali ni pale." Kwetu mtu hasamehewi peke yake chumbani bila wengine kusikia. Wazee wetu wa Kibembe waliketi katika lubunga kwa sababu hiyo, neno lisikiwe na wote na watu wajue limetajwa. Mchezo unahesabu miaka ya mwenye kulipiza, lakini wale walioachwa hauwaulizi kitu. Kama mmoja wetu angeweza kuutengeneza upya, angeanzia pale.

Mna makosa mengine madogo, tuyataje ili msiseme tunasifu tu kwa sababu ya jina. Macho ya mchezo, yaani pale kioo kinapotazamia, yanajificha nyuma ya ukuta ukibanwa kwenye pembe, na unapigwa na mtu usiyemwona. Ni mgumu mno kwa anayeanza. Wawili wetu waliacha wiki ya kwanza, wakarudi kwenye mpira. Na damu iko, hatufichi. Mtoto wa shule ya msingi hafai kuwemo mle, na tumemwambia Yaya awaondoe mlangoni. Ameanza kuwaondoa.

Sasa juu ya mkutano wa walimu. Hatusemi kwamba mchezo huu unafundisha amani. Ni mchezo wa kupigana. Wala hatusemi kwamba faranga za Yaya ni bora kuliko daftari. Sisi tumewekeana sheria kwamba pesa ya masomo haiingii pale, na anayedaiwa na shule hachangi, anatazama bure. Tunachosema ni kwamba yaliyotokea mle chumbani hayakuwa mafunzo ya kupiga. Tulijifunza kungoja. Tulijifunza kumkasirikia mwenzetu kwa neno badala ya kofi. Na tulisikia swali ambalo mwenzetu hakuwahi kulisema shuleni, wala katika ibada ya asubuhi, wala kwa mwalimu yeyote, miaka mitatu tuliyosoma naye.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. La kwanza, nyumba ile isikatazwe yote, ila ipangiwe siku: Jumamosi mchana, wanafunzi wa umanite tu, na mwalimu mmoja anayependa aje akae nasi. Mwalimu wa hesabu amesema yuko tayari, ila anataka naye apewe manete. Tumemwambia sheria ni ile ile, mpaka aanguke. La pili, swali la mwenzetu lipewe saa moja katika somo la uraia, tulizungumze mbele ya walimu, na mzee mmoja wa Baraka aalikwe atueleze namna watu walivyokuwa wanakaa baada ya kuuana, na ni nini aliyefanya vibaya alipaswa kusema.

Mpaka tunapoandika tumefika kwa mtu wa nne, Jinfeng, tukiwa na miaka 56. Watatu tumewaacha hai. Wanne wetu bado wanasema ni ujinga, na wameomba waandike maoni yao katika namba inayofuata. Karatasi watampa mwanafunzi wa zamu wa gazeti kabla ya Ijumaa. Na mwingine yeyote anayetaka kutupinga, mwalimu au mwanafunzi, aandike vilevile.

Wenu, wanafunzi tisa wa mwaka wa tatu na mmoja wa mwaka wa nne.